Mbuzi Aliowakataa Musyimi

Ngamia wa Bulle hawakula ndengu zote. Walikula nusu, wakakanyaga nusu iliyobaki, na mmoja wao akalala juu ya kipande cha mwisho, kile kilichokuwa na maganda mazito kuliko vyote. Asubuhi Ndinda alipofika shambani alisimama kwenye pengo la ua wa miiba, magunia matupu yakiwa kichwani, kwa sababu siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuvuna. Hakupiga kelele. Aliyashusha magunia, akayakunja upya, akarudi nayo nyumbani.

Ndengu zile zilikuwa tangi la maji. Ndinda alikuwa amekwisha kulichagua dukani Kyuso, tangi jeusi lenye mfuniko, na mumewe Musyimi alikuwa ameshajenga msingi wa mawe chini ya ukingo wa paa. Kilichokosekana ni mavuno tu. Msimu huo ungekuwa wa mwisho kwa Ndinda kumfuata punda hadi mtoni kuchimbua maji mchangani.

Bulle alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo ambaye Kyuso nzima ilimjua, na ngamia wale wachache aliwafuga kwa ajili ya maziwa. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu ya Musyimi ilikuwa na vumbi kuliko viatu vyenyewe.

"Mzee Musyimi, mimi sikuja kubishana," alisema. "Mchungaji wangu alilala, ngamia zikaingia. Makosa ni yangu. Nimepitia huko shambani nikaona aibu. Nakupa mbuzi nane. Tano ziko na mimba. Kuja kwa zizi uchague mwenyewe, na mimi sitasema hii usiguse."

Jikoni, Ndinda aliacha kukoroga uji. Mbuzi wanane, watano wakiwa na mimba, walikuwa tangi na mfuniko wake.

Lakini Musyimi hakuwa mtu wa kukubali jambo kabla halijaandikwa. Alikuwa amefanya kazi ya ghala huko Kiboko kwa miaka mingi, na jioni, wenzake walipokwenda kustarehe, yeye alikwenda ngumbaru. Alianza na silabi akamaliza na cheti. Cheti hicho kilining'inia ukutani ndani ya fremu, na chini yake, juu ya kitambaa cha kufuma, ilikaa nakala ya Katiba ambayo aliisoma kila siku baada ya Biblia, na siku nyingine kabla yake.

"Bwana Bulle," alisema, "hayo mambo ya kulipana mbuzi ni ya zamani. Siku hizi kuna sheria."

"Mbuzi hata kama ni ya zamani inazaa, mzee."

"Leo nikipokea mbuzi, kesho ngamia wako watarudi, na wewe utarudi na mbuzi wengine. Mwishowe nitakuwa nimekukodisha shamba bila mkataba. Mimi nataka hukumu. Iandikwe, ipigwe muhuri."

Bulle alimtazama, kisha akautazama mlango wa jikoni, ambako mwiko ulikuwa umenyamaza. "Sawa," alisema akivaa viatu. "Muhuri sina. Mbuzi ninazo. Ukibadilisha mawazo kuja kabla sijauza."

*

Wakati wa chakula cha mchana Musyimi alichota ndengu kwenye ungo ambao mkewe alikuwa akichagulia mawe. Zilikuwa za msimu uliopita, za mwisho mwisho. Akasogeza sahani, akaanza kupanga mafungu mawili mezani.

"Mtu mwenye akili haendi kortini kwa hasira, Mama Mutanu," alisema. "Anapima. Huku faida, huku hasara."

"Hizo ni za kupika."

"Nitazirudisha. Faida. Kwanza, tutalipwa thamani kamili, kama afisa wa kilimo atakavyokadiria." Akaweka punje. "Pili, wengine watajifunza. Tatu, heshima yangu. Nne, heshima ya nyumba. Tano, heshima ya wakulima wote wa upande huu."

"Heshima umehesabu mara tatu."

"Kwa sababu ziko tatu. Sasa hasara. Nauli." Akaweka punje moja upande wa pili. "Karatasi." Akaweka nyingine.

"Na wakili?"

"Madai madogo hayahitaji wakili. Mtu anajisimamia. Nimesoma."

"Na ukishindwa?"

"Siwezi kushindwa. Ngamia hawakatai nyayo zao."

"Na Bulle akikasirika? Si ni yeye hununua mbuzi zetu bila kutuzungusha?"

Musyimi alitafuta kwenye ungo hadi akapata punje iliyoliwa na dumuzi, akaiweka upande wa hasara.

"Sijaona tangi mahali," Ndinda alisema.

"Tangi limo ndani ya haki."

Kesi hiyo ya mezani Musyimi aliishinda kwa fungu kubwa. Ndinda alisubiri amalize kutazama ushindi wake, kisha akazikusanya ndengu zote, ile yenye dumuzi akaitupia kuku.

*

Musyimi aliuza mbuzi mmoja, akamwandikia Bulle barua ya madai. Ilikuwa barua nzuri. Ilitaja vifungu, na mwishoni alitia sahihi juu ya maneno "mwenye shamba". Bulle alimpelekea salamu kwamba barua ameipata na mbuzi bado wapo. Musyimi akaenda kortini kufungua kesi. Karani alimsikiliza kwa adabu, akasoma, akasema kwa adabu ile ile kwamba mtu anayedai ni mwenye shamba inafaa aje na kitu cha kuonyesha shamba ni lake.

Basi akauza mbuzi wa pili, akaenda Mwingi kwa wakili. Si kwamba alimhitaji, alimwambia mkewe, ila ni vizuri kulinganisha maoni.

Wakili Muthoki alikuwa na umri kama wa binti yake Mutanu. Jambo hilo Musyimi aliamua kumsamehe. Akamweleza habari za ngamia kwa kirefu, naye akamwacha aseme mpaka akamaliza.

"Shamba ni la nani?" aliuliza wakili.

"Langu."

"Hati iko kwa jina la nani?"

"La marehemu Mulei."

"Mulei ni nani kwako?"

"Baba wa mke wangu. Alimwonyesha binti yake kipande hicho alime."

"Kwa hivyo ni kipande cha mke wako."

"Na mke ni wangu," alisema Musyimi. Alitabasamu, maana alidhani hapo mambo yamefungana.

Wakili hakutabasamu. "Cheti cha ndoa mnacho?"

"Sisi tulioana kimila."

"Sawa kabisa. Ntheo ulipeleka lini?"

Musyimi aliitazama kalenda iliyokuwa ukutani. Ntheo ni mbuzi ambao mwanamume anapeleka kwa kina msichana kabla ya mambo mengine yote. Hata akilipa ng'ombe, hata akiezeka mabati nyumba ya mkwe, wale mbuzi wasipoingia katika boma lile, kwa Mkamba hakuna kilichofanyika. Mwanamke atazaa, ataitwa mama, ataitwa nyanya, na bado kwao atahesabiwa msichana wa nyumbani aliyetoka kidogo.

"Ntheo na ngamia vinahusiana wapi?" aliuliza.

"Upande wa pili wakitaka kukusumbua wataanzia hapo. Watasema wewe si mwenye shamba, wala si mume wa mwenye shamba. Ni mpita njia mwenye barua nzuri."

"Bulle ni Msomali. Ntheo ataijulia wapi?"

"Atauliza Mkamba. Tuko wengi."

Musyimi alirudisha macho kwenye kalenda. Mwaka aliomchukua Ndinda, ukame ulimaliza mbuzi. Mwaka uliofuata alizaliwa Mutanu, ukaja mwaka wa kujenga. Baada ya hapo jambo lenyewe likawa gumu kwa namna nyingine: kupeleka ntheo kungekuwa kutangaza kwamba haikupelekwa. Watu wa kanisani waliwachukulia kuwa wameoana, naye hakuwasahihisha. Jumapili za Meza ya Bwana alijitolea kukaa nje kulinda pikipiki za waumini, na mchungaji alimtaja mara mbili madhabahuni kama mfano wa unyenyekevu.

"Njia ziko mbili," wakili alisema. "Umpate shemeji yako aandike kwamba familia inatambua ndoa yenu. Au mama mwenyewe awe mlalamishi. Si ndiye alilima?"

"Nilimsaidia."

"Basi yeye atashtaki, wewe utakuwa shahidi wake. Hiyo ndiyo rahisi, na haina gharama."

Musyimi alishukuru, akalipa, akachagua ile nyingine.

*

Nthiwa, kaka yake Ndinda, alimpokea Musyimi chini ya kivuli cha ghala, akamletea kiti na chai. Hakuwahi kumkosea adabu hata siku moja. Ila katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita shemeji. Alimwita rafiki.

"Rafiki, habari ya upande wa huko?"

"Nzuri. Nimekuja kwa jambo dogo la karatasi."

Nthiwa aliisikiliza hadithi ya karatasi huku akipuliza chai. Aliposikia neno "ndoa" aliweka kikombe chini.

"Nani ameoa?"

"Nthiwa, tafadhali."

"Nauliza tu. Nani ameoa, na mimi nilikuwa wapi? Maana hiyo njia unaiona," alisema, akinyoosha mkono kuelekea njia ya kuingilia bomani, "baba yangu aliiangalia mpaka akafa. Wakipita mbuzi anasimama. Anauliza, hao ni wetu? Anaambiwa, hao wanakwenda sokoni. Anakaa."

Mkewe Nthiwa, Kalunde, aliyekuwa akipepeta karibu nao, alicheka kisha akajifanya anakohoa.

"Niko tayari kulileta jambo hilo," alisema Musyimi polepole. "Baada ya kesi."

"Lilete hata kesho! Mimi nitakushika mkono, nitakuita shemeji mpaka uchoke. Karatasi nitaandika, na alama ya kidole nitaweka juu. Ila tusidanganyane, rafiki. Baba alimpa Ndinda kile kipande kwa maneno haya, na Kalunde alikuwepo. Alisema: lima hapa mpaka hao watu waje. Sasa watu wakija, si wamekuja? Msichana aliyeolewa analima kwa bwana yake. Kijana wangu anataka kujenga."

"Kipande chenyewe?"

"Hicho hicho chenye ngamia."

Musyimi alimaliza chai. Ilikuwa na sukari ya kutosha. Alipoaga, Nthiwa alimsindikiza hadi njiani, akamwambia amsalimie Ndinda, na akamwambia tena, kwa moyo mweupe, alete mbuzi wakati wowote.

*

Alikusudia kumweleza mkewe kwa mpango, jambo la kwanza hadi la mwisho. Lakini Ndinda ndiyo kwanza alikuwa ametoka mtoni, anamfungua punda madumu, na alielewa yote kabla Musyimi hajafika kwenye jambo la pili.

"Kwa hivyo ili nilipwe ndengu," alisema, "nipoteze mahali ndengu zinamea."

"Si kupoteza. Wakili anasema sheria haitofautishi. Binti aliyeolewa na asiyeolewa wanarithi sawa na kijana. Nthiwa akileta maneno tutamshtaki naye."

"Tumshtaki na mbuzi gani, Baba Mutanu? Umebakisha dume moja, na linachechemea."

Musyimi alikaa juu ya msingi wa tangi. Kwa muda mrefu msingi huo haukuwa na kazi nyingine.

"Nilikuwa nitawapeleka," alisema.

"Najua."

"Kila mwaka nilikuwa nasema mwaka huu."

"Na mimi kila mwaka nilikuwa nafagia kwa baba nikienda kumsalimia, nikisema isije ikawa ni leo na uwanja ni mchafu." Aliteremsha dumu la mwisho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomsumbua Musyimi zaidi. "Siku niliacha kungoja nililala vizuri. Nikaanza kuona hata ina faida. Dada zangu wote walitolewa ntheo. Ni nani kati yao ana shamba? Wote wanalima kwa waume zao, na wakikosana na waume zao wanalima hewa. Mimi peke yangu niko na udongo wa baba yangu, kwa sababu wewe ulichelewa."

Musyimi hakujua kama ametukanwa au ameshukuriwa.

"Nipe hizo karatasi," alisema Ndinda. "Na ufute hapo uliandika mwenye shamba."

*

Kortini Ndinda alivaa kitambaa cha Umoja wa Akina Mama na viatu vya kanisani. Kitambulisho chake kilisema Ndinda Mulei, jina la baba yake, kama kilivyokuwa kimesema siku zote. Watu walikuwa wengi kwenye mabenchi, na kati yao alikuwemo Mbinya, mweka hazina wa kanisa, aliyekuja kwa kesi yake ya kuku. Musyimi alikaa safu ya tatu, koti limefungwa vifungo vyote, Katiba ikiwa mapajani.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Alimuuliza Bulle kama anakubali kwamba ngamia walikuwa wake.

"Nakubali tangu siku ya kwanza, mheshimiwa. Mimi nilienda na mbuzi, nikaambiwa nataka kukodi shamba kwa mlango wa nyuma."

Watu wakacheka. Mwamuzi akageuza karatasi.

"Mama Ndinda, hapa kuna barua ya madai. Imeandikwa na Musyimi Musembi, na anazungumza kama shamba ni lake. Leo wewe ndiye mlalamishi. Huyu Musyimi yupo?"

Musyimi alisimama. Alikuwa ameisubiri nafasi ya kusimama kortini tangu siku za ngumbaru, na alikuwa ametayarisha maneno.

"Keti tu, mzee, nitakuita ikibidi," alisema mwamuzi. "Mama, huyu ni nani kwako?"

Ndinda aligeuka akamtazama. Alitazama pia benchi la Mbinya, na Mbinya alikuwa ameinama mbele ili asikose neno. Angeweza kusema mume. Bulle asingepinga. Lakini alikuwa ameapa kwa Biblia dakika hiyo hiyo, na kila neno lilikuwa linaandikwa, na karatasi zilizoandikwa zina tabia ya kutembea hadi kwa Nthiwa.

"Ni mtu tunasaidiana naye shambani, mheshimiwa," alisema.

Mwamuzi aliandika. Musyimi aliisikia kalamu ikiandika. Alikuwa ametaka jambo liandikwe na lipigwe muhuri, na sasa lilikuwa linapigwa.

Mengine yalikwenda haraka. Mwamuzi aliuliza kama pande mbili zingeweza kukubaliana, nao walikubaliana pale pale. Bulle alisema mbuzi wale wanane bado hajawauza. Ndinda aliuliza kama wale watano walizaa.

"Walizaa nikiwangojea hawa watu, mheshimiwa," alisema Bulle.

"Basi mtoto hufuata mama yake," alisema Ndinda.

"Wanyonye maziwa ya nani?" Bulle alikuna ndevu. "Haya. Hata bibi yangu Awo alisema hivyo hivyo. Afadhali nimalize kesi moja, nyumbani nisianze nyingine."

Nje, Bulle alimshika Musyimi mkono kwa heshima, mikono miwili. "Pole, mzee," alisema, na hakueleza ni pole ya nini.

*

Mbuzi waliingia bomani siku ya soko, mama na watoto. Ndinda aliwauza wachache, tangi likaja juu ya lori la mchanga na kukalishwa kwenye msingi wake. Mvua ya kwanza ililijaza hadi katikati. Punda akanenepa.

Musyimi aliieleza habari hiyo kwa njia iliyompendeza. "Ningekubali siku ile ya kwanza," aliwaambia majirani, "tungepata wanane tu. Sheria imetupa na watoto." Majirani walikubali kwamba sheria ni kitu kizuri. Hawakuuliza ni nani aliyelipwa. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana alipojongea kulinda pikipiki, alikuta Mbinya amemwekea kiti pale nje, na mto juu yake. Mchungaji hakumtaja tena madhabahuni.

Aliikalia hali hiyo muda. Kisha siku moja adhuhuri, Ndinda akiwa anachagua ndengu za mavuno mapya mezani, Musyimi alikuja akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Mama Mutanu. Nataka unikopeshe mbuzi watatu."

"Wa nini?"

"Niwapeleke kwa Nthiwa."

Mikono ya Ndinda ilisimama kwenye ungo. Alimtazama mumewe, mvi zake, kofia yake, koti ambalo vifungo vyake vyote vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya kwenda kutoka jikoni hadi mezani. Kisha akasogeza sahani.

"Faida," alisema, akaweka punje moja. "Nitaitwa mke wa mtu." Akaweka nyingine. "Utaingia kanisani na watu wengine." Akaweka ya tatu. "Nthiwa atakuita shemeji." Alifikiri kidogo, akaongeza ya nne bila kusema ni ya nini, na hiyo aliichagua nzuri, nzima, inayong'aa.

Musyimi alisogea karibu na meza.

"Hasara," alisema Ndinda. Akaweka punje moja peke yake upande wa pili. "Shamba."

Wakayatazama mafungu hayo mawili, lile la punje nne na lile la punje moja. Yeye aliyefundishwa kupima na yeye aliyemfundisha, hakuna aliyesogeza kitu. Nje mbuzi mmoja alilia, akaitikiwa na mtoto wake.

"Sasa?" Musyimi aliuliza.

Ndinda alizikusanya punje zote kwa kiganja, akazirudisha kwenye ungo pamoja na nyingine, akamwaga ungo mzima sufuriani.

"Kesi imeahirishwa," alisema. "Kalete maji."

Musyimi alichukua jagi, akatoka kwenda kwenye tangi.